Jina Ndani ya Kifuniko

Fundi Moffat alikuwa na tabia moja ambayo vijana wa karakana waliicheka na wateja waliipenda. Kila mashine aliyoiunganisha, kabla hajaifunga, alichukua msumari na kukwaruza jina lake upande wa ndani wa kifuniko, MOFFAT, na tarehe. Aliianza tabia hiyo akitengeneza redio kule Naro Moru, miaka ile redio ilipokuwa kitu cha kufunikwa kitambaa sebuleni. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu bila kuinua macho, "Ikiharibika, mtu ajue ni mlango gani atabisha."

Sasa watu wa Wang'uru, wakulima wa mpunga wa Mwea, walikuwa wamebisha, tena kwa hasira.

Karakana yenyewe ilikuwa ghorofani, Nyeri mjini, juu ya duka la mabati na misumari. Watu sita, birika moja la chai. Walitengeneza kipima unyevu cha kushika mkononi: unatia mpunga kwenye kikombe chake, unabonyeza kitufe, nacho kinakuambia mpunga una maji asilimia ngapi. Asilimia kumi na nne kwenda chini, mpunga unaenda kinuni. Ukizidi hapo, unarudi kwenye turubai kuanikwa. Uwanja mmoja wa kuanikia Wang'uru ulichukua vipima kumi na viwili msimu huo, na kwa wiki tatu vilisema ukweli asubuhi mpaka jioni, isipokuwa mara moja moja, bila haya yoyote, vikasema uongo. Mpunga mkavu wa kulia kama changarawe uliambiwa una maji asilimia thelathini na tisa. Mkulima mmoja akarudishwa akauanike tena. Akauanika siku mbili zaidi, na ulipofika kinuni ukapasuka wote ukawa chenga.

Jumanne, Kagendo akaita kikao. Kagendo ndiye mwenye karakana, mama wa kutoka Meru ambaye sidhani amewahi kumung'unya neno tangu azaliwe. Aliweka kipima kimoja mezani, kimefunguliwa, jina la Moffat likimtazama kila mtu.

"Mwenyekiti wa uwanja alifungua hii mbele ya wakulima," alisema. "Akauliza, huyu Moffat ni nani? Sasa mimi nawauliza nyinyi. Shida iko wapi?"

Aliyejibu ni Wacera Kingori, na angejua maneno yake yatafika wapi, angeuma ulimi.

Wacera alikuwa na miaka ishirini na minane, na ndiye aliyetengeneza kompaila ya karakana. Hiyo ni programu inayochukua maagizo yaliyoandikwa na watu na kuyageuza kuwa amri fupi fupi ambazo chipu ya mashine inazielewa. Kazi ya kichwa. Wenzake waliiheshimu sana, hasa kwa kuwa hawakuielewa. Siku hiyo alikuwa na haraka ya kurudi kwenye kompyuta yake, akasema tu, "Kama inakuja na kuenda, hiyo ni waya. Kuna mahali waya imelegea."

Basi. Waya zilikuwa za Moffat, kosa likawa la Moffat. Mzee hakubisha. Mwezi wa saba alikuwa ameunguza bodi nne kwa sababu ya macho, na kila mtu pale mezani aliikumbuka harufu ile. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Ijumaa tunaenda Wang'uru sisi wote," Kagendo alisema. "Mzee, utaomba wakulima msamaha. Halafu tukirudi utaniachia benchi. Umefanya kazi mzuri, lakini siwezi poteza uwanja mzima."

"Sawa, Madam," Moffat alisema.

Wacera alirudi kwenye kompyuta yake. Alipokuja hapo mara ya kwanza kama mwanafunzi wa mafunzo, Moffat ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kuchomelea bila kujichoma, na ndiye aliyemgawia githeri yake mwezi mzima bila kumuuliza kwa nini habebi chakula. Alijiambia kwamba amesema ukweli. Tatizo la kuja na kuondoka kwa kawaida ni waya. Alijirudia hivyo siku nzima, na kila aliporudia aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Jumatano akaomba kwenda na Kagendo kuchukua vipima vyenye kasoro. Walishuka na pikapu kupitia Karatina mpaka Kutus, Kagendo akasimama kununua ndizi kwa sababu hawezi kupita Kutus bila kununua ndizi, kisha wakaingia kwenye joto la Mwea. Uwanja ulikuwa umetandikwa maturubai kutoka lango mpaka ukuta, na wanawake walitembea juu ya mpunga wakiugeuza kwa nyayo, polepole, mistari imenyooka.

Mpimaji wa uwanja alikuwa mama mmoja mnene mwenye kofia ya majani, Wakonyo, ambaye wote walimwita Mama Wendy. Alimpokea Wacera kama anavyopokelewa jirani aliyeazima jembe akalirudisha bila mpini.

"Ni nyinyi," alisema. "Hii mashine yenu imefanya niitwe mwongo. Mimi, mtu wa kuimba kwaya."

"Pole, Mama Wendy. Hebu niambie, ikikosea unafanyaga nini?"

"Siku hizi nikiona imepanda wazimu naizima. Nahesabu mpaka kumi, nawasha tena. Inarudi akili. Halafu naandika zote mbili, ya wazimu na ya ukweli. Kitabu yangu haina siri." Akamsukumia daftari la shule lililojaa vumbi la mpunga.

Wacera alilifungua. 39.4, imepigwa mstari, na kando yake 13.8. Akageuza ukurasa. 38.9, na kando yake 13.3. Halafu 40.1, na 14.5. Alitoa ndogo kwenye kubwa kwa kichwa, kisha akatoa tena kwa simu kwa sababu hakutaka kuamini kichwa. Ishirini na tano nukta sita. Ishirini na tano nukta sita. Kila ukurasa, ishirini na tano nukta sita.

Waya iliyolegea haijui hesabu. Waya iliyolegea ingetoa kila aina ya takataka, leo hili, kesho lile. Kipima kilihesabu kwa sehemu za kumi, kwa hiyo ishirini na tano nukta sita kwake ilikuwa mia mbili hamsini na sita, na hakuna mtu wa programu duniani asiyeijua namba hiyo. Chipu huweka namba zake kwenye visanduku vinavyoitwa rejista, na rejista ya chipu hii ina nusu mbili. Nusu ya chini inafika mia mbili hamsini na tano, basi. Ukitaka kuzidi hapo unaweka moja kwenye nusu ya juu, na hiyo moja inasimama badala ya mia mbili hamsini na sita. Mpunga mkavu hauhitaji nusu ya juu hata kidogo. Lakini kuna moja ilikuwa imebaki huko juu, ya kitu kingine, na hakuna aliyeifuta.

"Mama Wendy," aliuliza polepole, "kabla ipande wazimu, ulikuwa umepima nini?"

"Ya lori." Wakonyo hakufikiri hata kidogo. "Mpunga ya kutoka shamba ndio tunapima kwanza, ndio lori isikae hapo kwa lango ikifungia watu. Hiyo iko na maji mingi, ishirini na sita, ishirini na saba. Halafu ndio narudi kwa hizi za turubai."

Kumbe. Wacera aliona benchi la Moffat mbele ya macho yake: mikebe mitatu ya mpunga wa majaribio, mkavu, wa katikati, uliolowa, na mzee akiipima kwa mpangilio huo huo kila siku, kwa sababu maganda mabichi hushika kwenye kikombe na ni kazi kukisugua. Uliolowa ulikuwa wa mwisho daima. Baada yake kipima kilizimwa na kufungwa. Hakuna mtu Nyeri aliyewahi kupima mkavu baada ya mbichi, na hapa Wang'uru walifanya hivyo kila lori lilipoingia.

"Umepata kitu?" Kagendo aliita kutoka kwenye pikapu.

"Bado naangalia," Wacera alijibu. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wiki hiyo uliosemwa kwa kujua.

Alhamisi asubuhi alifungua kompaila na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali linaloeleza kila amri ya chipu inafanya nini kwenye rejista. Hakutafuta sana. Mstari mmoja ulisema kwamba amri ya kuandika nusu ya chini inaandika rejista nzima. Kwenye chipu yao ya zamani hilo lilikuwa kweli: ukiandika chini, juu panajifuta penyewe. Lakini mwezi wa tatu chipu ya zamani iliadimika, wakahamia nyingine, na hii mpya ukiiandika chini, juu inaacha kilichokuwapo. Watu walioandika maagizo ya kipima walikuwa waangalifu, walisema wazi: kwanza weka sifuri, halafu weka kipimo. Kompaila ikaliamini jedwali. Ikaona mtu anaweka sifuri kwenye kisanduku ambacho amri inayofuata itakiandika chote upya, ikasema hii ni kazi bure, ikaiondoa ile sifuri. Wacera alikumbuka alivyofurahi wiki ile programu ilipotoka fupi kuliko ilivyokuwa. Aliwaonyesha hata wenzake.

Kando ya mstari palikuwa na jina la aliyeuingiza, kama ilivyo kwa kila mstari. Wacera Kingori, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Na maelezo aliyoyaandika mwenyewe: Nimenakili ya zamani. Ni ile ile.

Aliyasoma mara tatu. Alitamani mtu mwingine awe ameyaandika.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Sasa jedwali lilisema amri hii inaandika nusu na kuacha nusu, kwa hiyo kilichotangulia bado kinahitajika. Kompaila ikaacha kuiondoa ile sifuri. Wacera alichukua mikebe ya Moffat, akapima uliolowa, kisha mkavu. Kumi na tatu nukta moja. Akarudia mara kumi, na mara zote kumi kipima kilisema ukweli. Akaiweka programu mpya kwenye vipima vyote vilivyorudishwa, isipokuwa kimoja, ambacho alikitia mfukoni bila kujiuliza sana kwa nini.

Sasa ndipo shetani alipovuta kiti akaketi. Vipima vimepona. Angeweza kusema, nimeboresha programu kidogo, na isingekuwa uongo. Wang'uru wangefurahi. Kagendo angefurahi. Mzee angeenda zake na kosa lake la waya, na nani angejua? Hakuna mkulima mwenye msumari wa kufungua kompaila.

Upande wa pili wa chumba, Moffat alikuwa akifunga koleo zake kwenye gazeti, moja moja, kama mtu anayevisha watoto. Wacera alisimama, akamwendea. Alikuwa na maneno tayari mdomoni.

"Hii lenzi ya kuangalia waya nitakuachia wewe, Wacera wa Kingori," mzee alisema kabla hajaanza. "Hawa wengine watapangusia na karatasi ya mandazi."

"Asante, Fundi," Wacera alisema. Akaichukua lenzi, akarudi kwenye kiti chake, akaketi. Alijichukia.

Ijumaa saa nne walikuwa uwanjani. Wakulima wapatao hamsini walisimama penye kivuli cha ghala, na mbele yao mwenyekiti Wamae, mzee mrefu mwenye gambuti zenye matope mabichi. Yule mkulima wa chenga alikuwapo, amekunja mikono. Kagendo alisalimu, akasema karakana imekuja kwa unyenyekevu, akamwashiria Moffat.

Mzee alivua kofia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mimi naitwa Moffat," alisema. "Hilo jina mliona ni langu. Hizi mashine ni mimi nilichomelea, na macho yangu siku hizi si kama zamani. Kama kuna waya niliacha..."

"Fundi, ngoja," Wacera alisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini Moffat alinyamaza. Watu hamsini wakageuka. Wacera hakutaka kumsikia mzee yule akimaliza sentensi.

"Hakuna waya," alisema. "Shida ni mimi."

Kagendo alimgeukia polepole. Wacera hakumtazama. Alimtazama mkulima wa chenga, kwa sababu aliona huyo ndiye mwenye haki ya kwanza, akaanza kueleza, na maneno ya kitaalamu yote yakamkimbia. Basi akaonyesha chini.

"Chukueni turubai kama hii. Nusu moja na nusu ingine. Jana ilikuwa na mpunga mbichi, imejaa yote. Leo umeleta mpunga mkavu kidogo, unamwaga nusu hii. Ile nusu ingine bado iko na nini?"

"Na ya jana," alisema mtu.

"Hiyo ndiyo mashine inafanya. Inapima ya lori, halafu inapima ya turubai, lakini nusu ya ya lori imebaki. Watu waliandika fagia kwanza. Mimi ndio nilitoa hiyo fagia. Niliambia mashine ukimwaga nusu, turubai yote ni mpya, haina haja ya kufagia. Sikuangalia. Jumanne nikasema ni waya, na bado sikuwa nimeangalia. Mzee hajafanya kosa yoyote. Na Mama Wendy hakudanganya mtu."

Alitoa kipima alichokitia mfukoni jana. Wakonyo, ambaye hakungoja kuombwa, alichota mpunga uliotoka kwenye lori asubuhi hiyo: ishirini na sita nukta tatu. Akaumwaga, akachota wa turubai. Thelathini na tisa nukta nne. Watu wakaguna. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa kipima chenye programu mpya, mbichi kwanza, mkavu baadaye. Kumi na tatu nukta nane. Akarudia. Kumi na tatu nukta nane.

Wakonyo alikishika kipima juu wakione. "Nani alisema mimi ni mwongo?" aliuliza kwa upole, akiwatazama mmoja mmoja, na watu kadhaa wakaanza kucheka huku wakitazama viatu vyao.

Mwenyekiti Wamae hakucheka. Alimwomba Wacera kile kipima, akakifungua kifuniko kwa kisu cha mfukoni, akalisoma lile jina, kisha akamtazama yeye.

"Na jina lako wewe iko wapi?"

"Iko ndani ya programu," Wacera alisema. "Lakini nyinyi hamwezi kuifungua."

"Ati hatuwezi kuifungua." Mwenyekiti alifunga kifuniko, akamrudishia. "Sasa umeona vile tulimshika asiyejificha."

Kagendo alizungumza na yule mkulima kando, kwa muda mrefu, na alipomaliza mkulima alikuwa ameikunjua mikono yake. Walirudi na pikapu mpaka Kutus, Moffat na Wacera mbele na Kagendo, wengine nyuma. Hapo Kagendo alinunua ndizi, akawapa wawili hao, na yeye mwenyewe hakula.

"Jumatano ulikuwa umejua," alisema, macho barabarani.

"Nilikuwa nimejua, Madam."

"Ulinyamaza siku mbili nikamvalisha huyu mzee koti la kuombea msamaha." Akabadilisha gia. "Mzee, hiyo benchi ni yako, na mimi ndio nitaomba msamaha Jumatatu mbele ya wote. Wewe Wacera, tuko na vipima zingine kwa viwanja vitatu. Utaenda kila mahali, ubadilishe hiyo programu na mkono yako, na ueleze vile umeeleza leo. Hiyo hadithi ya turubai, usiache kitu."

"Sitaacha," Wacera alisema. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na sasa machozi yalimjia kwa kukosa la kufanya. Moffat, aliyeketi katikati, alimenya ndizi yake akamega nusu, akampa, ingawa ya Wacera mwenyewe ilikuwa bado mkononi mwake.

Jumatatu Kagendo aliomba msamaha kweli, kwa sentensi mbili, akiwa wima. Koleo zilikuwa zimeshatoka kwenye gazeti. Wacera alipopeleka lenzi kuirudisha, alimkuta Moffat ameinamia kipima kipya, kifuniko kimegeuzwa, msumari mkononi. Jina lilikuwa limeshakwaruzwa, na tarehe. Chini yake aliacha nafasi.

Mzee alimnyooshea msumari.

"Andika yako."

"Fundi, mimi sijachomelea kitu hapo."

"Watu wakibisha, nisifungue mlango peke yangu," alisema.

Wacera aliuchukua. Plastiki ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, na herufi ya kwanza iliteleza ikatoka hafifu kama ya mtoto wa chekechea. Moffat aliivuta miwani puani akaikagua ile herufi.

"Hiyo haisomeki. Finya."

Akafinya. Lilipokamilika, mzee alipuliza vumbi, akakifunga kifuniko, skrubu nne. Kisha akauvuta karibu mkebe wa mpunga uliolowa, na akaanza na huo.